Eti ufukweni Kigoma hakulaliki kipindi cha mvua?

Mwezi wa tatu nilitupa godoro, jiko na dumu la maji nyuma ya pikapu, ile niliyoifungia turubai juu ya fremu, nikashuka zangu ufukweni upande wa Katonga kukaa siku tatu peke yangu, na mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Pale Mwanga, mjini Kigoma, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Sasa ngoja niwaambie upi ulikuwa uongo.

Fundi wangu: "Dada we lala kwenye gari, tairi ni mpira, radi haikugusi." Kukaa kwenye gari sawa, ila sababu sio hiyo. Radi imekatiza kilomita kadhaa za hewa kutoka mawinguni, huo mpira wa kiganja kimoja itaushindwa vipi? Kinachokuokoa ni bodi la chuma, umeme unapita nje nje kwenye bati unashuka ardhini, wewe uko katikati. Na hapo ndo nikashtuka, maana nyuma kwangu ni turubai, bati hakuna, japo tairi ni zilezile! Usiku wa kwanza ikaanza kumulika kule milima ya Kongo, nikawa nahesabu kuanzia mwanga mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ilipofika sekunde 15 nikaacha godoro nikahamia mbele, vioo juu, mikono mapajani, sishiki redio wala mlango. Unasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho ndo unatoka. Usukani uliniumiza mbavu sana aisee.

"Funga kila upenyo usilowe." Nilifunga. Asubuhi shuka limelowa chepechepe, matone yananing'inia kwenye turubai kwa ndani, nikapanda juu na hasira zangu kutafuta tundu, hakuna tundu. Nikapitisha kidole, maji yametanda sawasawa kila mahali hadi kwenye kioo kidogo cha kati ambako mvua haifiki kabisa. Kumbe ni pumzi yangu mwenyewe! Usiku uliofuata nikaacha uwazi wa kiganja mbele na nyuma, chini ya pindo la turubai, nikalala mkavu.

Halafu kuna hili la jiko, na hapa sitanii. Watu wanasema mkaa ukishakolea hauna moshi basi hauna madhara, ingiza tu ndani upate joto. Moshi kuisha sio sumu kuisha jamani, hiyo hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, kichwa kinauma kidogo, unasinzia, basi, na huo uwazi wangu wa kiganja hautoshi kukuokoa. Jiko linabaki nje. Migebuka yangu na mawese nilipikia chini ya kipande cha turubai nilichokivuta pembeni, nimechuchumaa, mgongo unalowa, na ndo ilikuwa chakula kitamu kuliko vyote safari ile.

Rafiki yangu wa Dar akapiga simu, "angalia maji yasije yakajaa usiku yakakubeba". Nilicheka. Tanganyika sio bahari, hakuna kupwa na kujaa kwa kuona kwa macho, ziwa linapanda polepole kwa msimu, na miaka ya karibuni limepanda kweli, waulize watu wa Kibirizi. Lakini nilicheka mapema. Nilikuwa nimepaki sehemu nzuri tambarare, mchanga safi, akapita mzee mmoja na ndoo ya dagaa, nikamwamkia, akaitikia akasimama. "Mwanangu, hapo umelala njiani." Njia gani, mbona hakuna njia? Akanyoosha kidole mlimani. Nikasogeza gari bila kubisha sana, na kesho yake mchana, ufukweni hata manyunyu hayajaanza, maji ya udongo yakashuka palepale na makuti ya michikichi na kandambili moja ya bluu. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko.

Kuhusu mchanga, nao uliolowa haunasi kama mnavyodhani, mkavu ndo mbaya zaidi, hatari ni ule wa ukingoni kabisa unaotitia. Nilipunguza upepo wa tairi hadi PSI 18, nikatoka bila kusukumwa.

Na wanaosema kiangazi ziwa limetulia, masika ndo linachafuka? Masika zipo dhoruba kali za ghafla, sikatai, ila upepo wa kusi unaovuma siku nyingi mfululizo na kuinua mawimbi ni wa mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, yani kiangazi chenyewe.

La mwisho ni la mama, kwamba nitakuwa peke yangu gizani. Giza gani mama? Wavuvi wa dagaa wanachokwepa ni mbalamwezi, maana taa zao hazivuti samaki mwezi uking'aa, na usiku wa tatu mwezi haukuwepo. Mvua ilipokatika ziwa lote likawaka kama mji. Nilichungulia kwenye ule uwazi wa kiganja nikaanza kuzihesabu taa, nikafika 40 na kitu, usingizi ukanichukua.