Deni la Zambia: Wadai Walipoviziana

Tarehe 13 Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa dola milioni 42.5. Hiyo ilikuwa riba tu ya hatifungani moja ya kimataifa, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji, na siku 30 za nyongeza zilikuwa zimekwisha. Kwa serikali, kiasi chenyewe si cha kutisha. Ila Zambia ilihoji: tukimlipa mmoja, hawa wengine tutawaambia nini?

Siku hiyohiyo wenye hatifungani walipiga kura kukataa ombi la kuahirisha malipo kwa miezi sita. Walitaka kwanza kujua Zambia inadaiwa kiasi gani na China, na chini ya masharti gani, kwa kuwa mikataba mingine ilikuwa na vipengele vya siri. Walihofia wao wangoje, halafu fedha ziende Beijing.

Mfikirie mtu anayedaiwa na duka la mtaani, kikoba na shemeji yake. Shemeji yuko tayari kusamehe kidogo, mradi asisikie kesho kwamba mwenye duka kalipwa chote. Mazungumzo ya madeni ya nchi kwa sehemu kubwa ndiyo haya. Mdaiwa anajadiliwa, lakini ugomvi mzito ni wa wadai wenyewe.

Zamani kazi hii ilifanywa na Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazokopesha, lililoanza mwaka 1956. Wadai wakubwa walikuwa serikali chache zilizozoeana. China, mkopeshaji mkubwa wa Zambia, si mwanachama kamili wa klabu hiyo, ndiyo maana nchi za G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, zikabuni Mfumo wa Pamoja, yaani utaratibu wa kuwakalisha wadai hao meza moja. Kamati ya serikali zinazoidai Zambia ikaongozwa na China na Ufaransa kwa pamoja. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) nalo halikutoa fedha hadi kamati ilipoahidi kupunguza mzigo. Lisingekubali mkopo wake ugeuke wa kuwalipa wadai wengine. Ahadi ilitoka Julai 2022, na mwisho wa Agosti bodi ya IMF ikaidhinisha dola bilioni 1.3.

Makubaliano yenyewe yalitangazwa Paris, Juni 2023, kuhusu deni la dola bilioni 6.3 la serikali hizo. Wengi walishangilia wakidhani deni limefutwa. Halikufutwa. Ulipaji ulisogezwa hadi 2043, riba ikashushwa hadi asilimia 1 mpaka 2037, kisha isizidi 2.5. Na kuna kipengele ambacho binafsi nakiona cha werevu: uchumi ukinyanyuka kuliko ilivyokadiriwa, riba inaweza kupanda hadi asilimia 4.

Zikaja hatifungani. Zambia ilielewana na wenye nazo, lakini Novemba 2023 ile kamati ya serikali zinazodai ikakataa: hawa hawajaachia vya kutosha ukilinganisha na sisi. Sharti hilo huitwa kutendewa sawa, na huwa limeandikwa kwenye makubaliano tangu mwanzo. Waziri wa fedha, Situmbeko Musokotwane, akalazimika kurudi mezani na watu aliokwisha kukubaliana nao.

Safari hii wenye hatifungani waliachia madai ya takriban dola milioni 840. Mapatano yalifikiwa Machi 2024, na Juni hatifungani za zamani za dola bilioni 3 zikabadilishwa na mpya. Hata hapo, baadhi ya benki za biashara zilikuwa bado hazijaelewana na Lusaka.