Samaki mkubwa hapandishwi kayaki kwa pupa

Wavuvi wengi wa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, huamini kwamba samaki mkubwa akishafika ubavuni kazi imekwisha, avutwe ndani upesi asije akaponyoka. Hivyo ndivyo kayaki zinavyopinduka. Samaki aliyeletwa mapema bado ana nguvu zake, na akiona chombo huchomoka mbio, mara nyingi kupitia chini yake.

Mchoshe kwanza. Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ikazwe kwa theluthi moja hivi ya uwezo wa mshipi, isizidi: mshipi wa kilo 15, breki kilo 4 hadi 5. Elekeza fimbo omoni, yaani mbele ya kayaki, akukokote. Kayaki huvumilia sana mvuto wa mbele, ila wa ubavuni huilaza. Akipita chini, tumbukiza ncha ya fimbo majini na uizungushe mbele ya omo mpaka upande aliko. Ukiinyanyua juu ukang'ang'ana, fimbo itavunjikia ukingoni.

Mshipi usiuzungushe kiganjani kamwe, hasa ule wa kusukwa, maana unakata nyama. Kamba ya kulabu, ile ndoana kubwa ya kumnasia samaki ubavuni, nayo usiivae mkononi.

Samaki akilala ubavu, mkia ukipunga polepole, mpige rungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, akiwa bado majini. Kisha mteleze ndani huku kichwa chako kikibaki juu ya mstari wa katikati ya kayaki. Nguru ana meno kama wembe, kwa hiyo ndoana itolewe kwa koleo refu. Kisu kikae kifuani, kwenye jaketi la kuokolea, mahali ambapo mkono wowote unakifikia.