PS3 inayocheza CD za PS2: ipi uitafute ukiwa Mbeya

Mtu akija kwangu kutafuta PS3 nene ya mwanzo, ile inayocheza na gemu za PS2, mara nyingi ameshaandika namba ya toleo kwenye simu: CECHA01. Ameambiwa hiyo ndiyo baba lao. Mimi humuuliza mambo mawili kabla ya bei. CD zako za PS2 ni orijino au za kuchoma? Na kama ni orijino, zimetoka nchi gani? Kwa wengi wa Mbeya na Iringa, majibu yao yanaonyesha kwamba CECHA01 siyo mashine yao.

PS3 iliingia sokoni Japani na Marekani Novemba 2006, Ulaya ikaipata Machi 2007. Zile za kwanza, CECHA ya GB 60 na CECHB ya GB 20, zilibeba kwenye bodi chipu mbili za PS2 halisi: Emotion Engine, ambayo ni prosesa, na Graphics Synthesizer ya kuchora picha. Chipu hizo zina gharama, kwa hiyo toleo la Ulaya, CECHC, likaachiwa ile ya picha tu, na kazi ya prosesa ikafanywa na programu. CECHE ya GB 80 iliyouzwa Marekani mwaka 2007 iko hivyohivyo. Ilipokuja ya GB 40 mwishoni mwa 2007, humo uwezo wa kucheza PS2 uliondolewa kabisa. Matoleo yenye uwezo huo yalitengenezwa kwa muda mfupi, mengi yakafa kwa joto, ndiyo maana kupata nzima leo ni kazi.

Turudi kwenye CD. Gemu nyingi za PS3 hazina ubaguzi wa ukanda, yaani mashine kukataa CD iliyotolewa kwa eneo jingine la dunia, lakini za PS2 zinao. CECHA01 ni ya Marekani, na CD za PS2 inazozikubali ni za ukanda wa Marekani. Orijino nyingi ninazoletewa hapa zina alama ya PAL, za Uingereza na Ulaya. Ukiziweka kwenye CECHA01, hazichezi. Mwenye CD hizo atafute CECHC, yenye 03 mwishoni kwa Uingereza au 04 kwa Ulaya. Baadhi ya gemu za PS2 zitakuwa na kasoro za picha au sauti kwa sababu ya ile programu, na mimi nasema kasoro hizo zinavumilika kuliko mashine inayokataa CD zako zote. Isitoshe, CECHC imetengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240, unaoendana na wetu wa 230. Ya Marekani au Japani usiichomeke kabla hujasoma kibandiko cha volti, na kama kinasema 120 au 100 tu, nunua transfoma ya kushusha. Pawasaplai ya matoleo haya imeandikwa wati 380, kwa hiyo transfoma ndogo ya redio haifai.

Kuhusu CD za kuchoma nitasema wazi, maana watu wanapoteza hela. PS3 yenye programu yake ya kiwandani haisomi CD ya PS2 iliyokopiwa, hata kama ni CECHA. Zile tulizozoea kwenye mabanda ya gemu zilichezeka kwa sababu PS2 zenyewe zilifungwa chipu ya kuruhusu kopi. Kama kabati lako ni kopi tupu, tunza PS2 yako na ubaki na pesa zako.

Ukiipata mashine, iwe Mwanjelwa, Kariakoo au kwa mtu anayehama, hesabu kwanza matundu ya USB mbele. Matoleo yote yanayocheza PS2 yana manne. Yenye mawili achana nayo. Kibandiko cha nyuma kinaweza kuhama pamoja na kava, kwa hiyo nenda na CD orijino ya PS2 ya ukanda wako uione inacheza kwa macho yako. Kisha weka gemu nzito ya PS3, uiache iende saa nzima. Feni ikianza kunguruma mapema, pesti ya kupitisha joto imekauka. Hilo linatibika.

Lisilotibika kirahisi ni taa ya njano: unawasha, taa ya njano inamulika kidogo, mashine inalia mara tatu, inazima na kubaki na taa nyekundu inayowaka na kuzima. Mafundi wengi huipuliza bodi hewa ya moto. Inawaka, inauzwa haraka, na baada ya wiki au miezi inakufa tena mikononi mwa mnunuzi. Joto lile linaamsha kwa muda tu kapasita za NEC/TOKIN zilizochoka, au miunganisho iliyolegea chini ya chipu ya picha, RSX. Tiba ya kweli ni kusoma kumbukumbu ya hitilafu kutoka kwenye chipu iitwayo syscon, ujue mgonjwa ni nani, ndipo ubadilishe kapasita au RSX yenyewe. Muuzaji akisema kwa fahari kwamba "imepigwa moto", ondoka. Stika ya udhamini iliyochanika ubavuni hainitishi. Mashine ya 2006 ilipaswa kufunguliwa zamani. Uliza tu alifungua nani, na alifanya nini.

Wenyeji husema baridi yetu itailinda. Inasaidia, hasa Juni na Julai. Lakini Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na feni inapata hewa kidogo ya kubebea joto kuliko ikiwa Dar. Ongeza vumbi la kiangazi kabla ya mvua za Novemba. Iache wazi, isifungiwe kabatini, isitandikwe kitambaa, na ipulizwe vumbi kila kiangazi. Weka na UPS, ile betri ya akiba ya umeme, kwa sababu umeme ukikatika wakati hard disk (diski ya ndani) inaandika, mafaili huharibika.

Hard disk hiyo ni ya kawaida, SATA ya inchi 2.5, na unaweza kuweka kubwa zaidi. Ila yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo wa mashine hiyohiyo: bodi ikifa, ukiihamishia kwingine haisomeki. Nakili sevu zako kwenye fleshi mapema.

Sehemu ya kusomea CD nayo imefungwa kwa mashine yake. Lenzi ya CECHA na CECHC ni KES-400A, na ikichoka unaweza kubadilisha lenzi peke yake. Ukibadilisha sehemu nzima, ile bodi yake ndogo ya zamani lazima ihamie kwenye mpya, maana imeoanishwa na bodi kuu. Mwambie fundi hilo kabla hajashika bisibisi, na vifaa vyote atakavyovitoa uondoke navyo.