"Mimi Sina cha Kuibiwa"

"Mdukuzi aje kwangu kutafuta nini? Mimi sina cha kuibiwa." Juzi nimeambiwa hivyo tena, na mteja ambaye kamera yake ya mlangoni ilikuwa bado inafunguka kwa jina "admin" na nenosiri "admin". Nilikuwa nimeshaingia kwenye kamera hiyo mbele ya macho yake, mlango wake tunauona kwenye simu yangu, na bado akacheka.

Basi tuelewane: hakuna anayekutafuta wewe. Programu hasidi haijui jina lako wala akiba yako. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye anwani za IP, yaani namba za kutambulisha vifaa kwenye intaneti, usiku na mchana na kujaribu manenosiri ya kiwandani. Mirai, programu hasidi iliyozuka mwaka 2016, ilitembea na orodha ya jozi sitini na kitu tu za majina na manenosiri, na kwa orodha hiyo fupi ikateka kamera, ruta na virekodi vya video vinavyokadiriwa kufika 600,000 ilipokuwa kileleni. Vijana watatu wa Marekani walioiunda, ambao mwaka 2017 walikiri makosa mahakamani, walikuwa na ugomvi wa kibiashara kuhusu seva za mchezo wa Minecraft. Mchezo! Kisha msimbo ukamwagwa hadharani, kila mwenye nia yake akauchota. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo likaielemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikitoa huduma za DNS, yaani kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter, Netflix wala Reddit.

Wenye kamera hawakuibiwa hata senti. Picha ziliendelea kuonekana kama kawaida, na ndiyo maana wengi wao hawakujua lolote. Kilichotumika ni laini yao ya intaneti, na hiyo hata wewe usiye na cha kuibiwa unayo.

Wapo wanaosema, "Nikizima na kuwasha, imekwisha." Nusu yake ni kweli. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo ukizima inafutika. Lakini ukiwasha na nenosiri lilelile, inaweza kurudi ndani ya dakika chache. Chomoa kwanza kwenye mtandao, zima, washa, badilisha nenosiri, ndipo uunganishe. Na ukiwa humo humo kwenye ruta, zima UPnP, kipengele kinachoruhusu vifaa vyako kujifungulia vyenyewe njia ya kufikiwa kutoka nje. Nitalisema hili mpaka nichokwe. Vipo pia vifaa vyenye nenosiri la Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali) lililochomekwa kiwandani, halibadiliki ufanye nini. Hivyo usinipotezee muda, vitoe. Kosa hapo ni la mtengenezaji, na sheria zimeanza kumbana: California tangu Januari 2020, Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024.

"Nina antivirusi." Iko kwenye kompyuta. Kamera haina habari nayo.

Halafu kuna ofisi zinazoficha zikivamiwa, eti kutoa taarifa ni kujiaibisha. Mwezi Mei 2017, WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai pesa, ilipokuwa ikifunga kompyuta za hospitali Uingereza, mtafiti mmoja alipewa sampuli na mwenzake, akaona inaulizia jina la tovuti ambalo halijasajiliwa, akalisajili kwa dola zisizozidi 11. Kuenea kwake kukakatika. Sampuli ile ingefungiwa kabatini kwa kuona aibu, asingekuwa na cha kuchunguza.

Kwa hiyo ukivamiwa, usianze kwa kuzima wala kufuta. Andika saa uliyogundua, aina ya kifaa na toleo la programu yake, na anwani za IP zilizomo kwenye kumbukumbu za matukio za ruta. Mpe mtoa huduma wako wa intaneti na timu ya kitaifa ya matukio ya usalama wa mitandao. Anwani hizohizo huenda muda huu zinabisha kwa jirani yako.