"Imetoka upande wa nani?" TDAH na urithi katika ukoo

Kwenye fomu tunayojaza na wazazi siku ya kwanza wanapomleta kwetu mtoto asiyetulia kuna swali moja linaloweza kumaliza saa nzima: je, kuna mtu mwingine katika ukoo aliyekuwa hivi utotoni? Ukishaliuliza, chumba kinanyamaza. Mama anamwangalia mumewe, mume anaangalia dirishani, na shangazi aliyewasindikiza, ambaye tangu waingie hajatia neno, anakohoa kidogo na kusema, "Kwetu sisi hakuna."

Sisi tunauliza kwa ajili ya matibabu. Familia inasikia kesi. Hapa Lubumbashi, Kongo, iwe mtaa wa Katuba, Ruashi au Kamalondo, ukisema tatizo la mtoto ni la kurithi, watu wanataka kujua limetoka upande wa nani, na mara nyingi hukumu imeshapitishwa nyumbani kabla hawajafika kwetu. "Mwana hufuata kisogo cha nina," watasema ndugu wa mume. Majirani nao wana methali yao: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mama amebanwa pande zote mbili. Kama ni damu, ni yake. Kama ni malezi, ni yake pia. Nimewaona wanawake wengi wakitoka kwenye kikao cha familia wakiwa wamebebeshwa mzigo huu, ndiyo maana naandika.

Kwanza jina. Madaktari wetu, kwa kuwa wanasoma kwa Kifaransa, wanaita TDAH. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaita ADHD. Ni hali moja: ubongo unaopata shida kushikilia umakini, kutulia na kujizuia, kupita kiasi cha umri wa mtoto. Neno la msingi hapo ni umri, kwa sababu mtoto wa miaka 4 asiyetulia ni mtoto wa miaka 4. Ili tuseme ni TDAH, dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu miezi 6 au zaidi, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwamisha kweli. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, huenda shida iko kwa mwalimu huyo.

Mara nyingi kaye (daftari) ya shule inaniambia zaidi ya maneno ya wazazi. Nina moja kichwani ninapoandika hapa: tarehe imeandikwa kwa mwandiko mzuri, umepigiwa mstari kwa rula. Zoezi la kwanza limefika nusu. La pili halipo. Pembeni kuna lori la kubebea madini, limechorwa hadi nati za magurudumu. Mtoto aliyelichora yule ana umakini mwingi, ila hana mamlaka juu yake. Kwa wasichana mara nyingi hata lori halipo. Kuna binti amekaa kimya nyuma ya darasa la watoto 60, anaangalia ukuta, na hakuna anayemleta kwetu kwa sababu hamsumbui mtu.

Kwa hesabu za dunia, watoto 5 hivi katika 100 wana hali hii, na watu wazima 2 au 3 katika 100.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, TDAH hurithiwa, tena kwa kiasi kikubwa. Ushahidi mzuri umetoka kwa mapacha, na sisi watu wa Katanga tunawajua mapasa vizuri: Waluba wakizaa mapasa, majina yanajileta yenyewe, Kyungu na Kabange. Kuna Kyungu na Kabange waliotokana na yai moja lililogawanyika. Hao wana jeni zilezile, yaani vinasaba mtu anavyorithi kwa wazazi. Na kuna waliotokana na mayai mawili. Hao wanashirikiana jeni kwa nusu hivi, kama ndugu wengine wa tumbo moja, ila wamezaliwa siku moja. Wote wamelala chumba kimoja, wamekula bukari (ugali) ya sufuria moja, wamechapwa na mwalimu mmoja. Kama TDAH ingekuwa ni malezi tu, Kabange angemfuata Kyungu sawasawa katika aina zote mbili za mapasa. Haiwi hivyo. Kwa mapasa wa yai moja, mmoja akiwa nayo, mwenzake huwa nayo mara nyingi zaidi kwa mbali. Watafiti walipojumlisha tafiti nyingi za mapacha kutoka nchi mbalimbali, walifika kwenye asilimia 74 hivi kuwa ndicho kiwango cha urithi. Watoto walioasiliwa na kulelewa na watu wengine wanasema hadithi hiyohiyo: kwa dalili hizi wanafanana na wazazi waliowazaa kuliko waliowalea.

Hiyo 74 ndiyo namba inayopotoshwa kuliko zote, hata redioni nimeisikia vibaya. Haina maana kwamba mtoto wako ana nafasi 74 katika 100 za kuipata, wala kwamba robo tatu ya utukutu wake ni ya damu na robo ni ya chakula na shule. Inazungumzia kundi kubwa la watu: wanavyotofautiana katika umakini na utulivu, sehemu kubwa ya tofauti hizo inakwenda pamoja na tofauti za jeni zao. Urefu wa mwili uko vivyo hivyo. Urefu hurithiwa sana, lakini mtoto wa baba mrefu akikosa lishe miaka yake ya mwanzo atabaki mfupi, na jeni zake zitakuwa palepale. Katika nchi yenye udumavu mwingi kama yetu, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Kwa familia moja, namba yenye faida zaidi ni hii: mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ana TDAH, hatari yake ni mara 5 hadi 10 ya mtu mwingine. Wengi bado hawataipata.

Na upande? Wasweden wanatunza daftari za serikali zinazowaunganisha watu na ndugu zao kwa vizazi, na watafiti wao walizitumia kuuliza karibu swali lilelile la upande wa nani. Walipata kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana hatari mara 8 hivi. Ndugu wa mama mmoja tu, wenye baba tofauti, mara kama 3. Ndugu wa baba mmoja tu, mara zaidi kidogo ya 2. Kama hali hii ingekuwa inapita kwa mama, ndugu wa upande wa baba wasingekuwa na ongezeko lolote. Wanalo, na linakaribiana na lile la upande wa mama. Nimeanza kuwaonyesha akina baba tarakimu hizi kwa kuziandika kwenye karatasi, maana nikizisema kwa mdomo zinageuka ubishi.

Inapitaje basi? Hakuna jeni moja ya TDAH. Fikirieni noti za falanga 100. Moja peke yake siku hizi hata mtoto hainami kuiokota barabarani. Lakini zikiwa nyingi vya kutosha zinafika bei ya kitu. Kila mmoja wetu, mimi pamoja nanyi, ana noti kadhaa za namna hii katika vinasaba vyake. Baba anachota nusu ya bunda lake bila kuangalia, mama vilevile, na mtoto anazaliwa na jumla yake mwenyewe. Ndiyo maana katika nyumba yenye watoto sita mmoja anavuka mstari na wengine hawavuki. Ndiyo maana pia mtoto anaweza kuwa na TDAH na wazazi wake wote wawili hawana: kila mmoja alimpa nusu ya bei.

Mwaka 2023 kundi la watafiti wa kimataifa lililinganisha vinasaba vya watu zaidi ya 38,000 wenye TDAH na vya wengine karibu 187,000. Walipata sehemu 27 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikiongeza hatari kidogo sana, nyingi zikigusa jinsi ubongo unavyojengwa mapema maishani. Karibu watu wote hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia kipimo cha mate au cha damu kinachosema mtoto wenu ana TDAH, bakini na pesa zenu. Kipimo hicho hakipo Brussels, hakipo Johannesburg. TDAH tunaitambua kwa maswali, kwa kaye, kwa ripoti ya mwalimu na kwa kukaa na mtoto.

Turudi kwenye ile familia ya shangazi aliyekohoa (nimebadilisha mambo ya kutosha ili isitambulike). Baba alikuwa amesimama mara tatu tangu waingie. Mguu wake wa kulia ulipiga sakafu muda wote. Nilipomuuliza kuhusu masomo yake alicheka: alirudia darasa la tatu, akafukuzwa kazi mbili kwa kuchelewa, sasa anaendesha teksi na anaipenda kwa sababu hakuna anayemkalisha. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya nne kwa mwaka ule. Safari iliyofuata alikuja na mama yake mzazi, bibi mwenye mfuko wa plastiki wa vyeti vya ubatizo, na ndani yake buletini (ripoti ya matokeo) ya mwanawe ya shule ya msingi. Mwalimu alikuwa ameandika kwa Kifaransa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni: anajua, lakini hakai. Shangazi aliisoma mara mbili.

Tulimpima baba pia, na hapo faida ya swali letu ikaonekana. Wiki mbili kabla tulikuwa tumewapa wazazi mpango wa nyumbani wenye mambo manane, na baba hakutimiza hata moja. Mkewe aliona ni dharau. Mpango wa mambo manane kwa mtu mzima mwenye TDAH ni kosa letu sisi wataalamu. Tulibakiza mawili, tukayaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika mahali anapotundika funguo za gari, na simu ikawekwa iite jioni saa ileile kila siku. Mtoto alianza kusaidika baada ya baba kusaidiwa. Kurithi hakuzuii tiba: mafunzo kwa wazazi, darasa lililopangwa vizuri, na kwa wengine dawa kama metilfenidati chini ya uangalizi wa daktari, vinafanya kazi hata pale ukoo mzima una historia. Kutoona mbali nako hurithiwa, na hakuna anayemnyima mtoto miwani kwa sababu babu yake naye alikuwa haoni.

Jeni hazimalizi maelezo yote. Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongeza hatari. Pombe tumboni hudhuru ubongo wa mtoto, na lutuku ni pombe kali hata ikiitwa ya nyumbani. Watafiti wa Kampala waliwafuatilia watoto waliopata malaria ya kichwa wakakuta kwamba miaka 2 baadaye baadhi yao bado wana shida ya umakini na kujifunza. Halafu kuna vumbi letu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa nyingi mno, na madini ya risasi, yaani plomb, nayo yalikuwa juu. Plomb ni adui anayejulikana wa umakini wa mtoto. Kwa hiyo mtu wa hapa akiniuliza "ni damu au ni mji?", siwezi kumjibu waziwazi kama angemjibu daktari wa Stockholm. Namwambia aweke maji ya kunawa mlangoni, afute vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia makavu, na baba anayefanya kazi mgodini aache nguo za kazi nje.

Sukari haisababishi TDAH. Hilo limepimwa mara nyingi, tuliache. Masikio mabovu, kifafa cha kuzubaa, usingizi haba, na hofu ya mtoto aliyekimbia vita vinaweza kufanana nayo sana, ndiyo maana tunapima kwanza.

Na uchawi. Mtoto anayevunja vitu, asiyelala, anayejibu kabla hajaulizwa, ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole nyumbani pakiingia msiba. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Mimi huwaambia wachungaji tunaokutana nao kwamba tabia wanayotaka kuifukuza kwa mfungo, kwa kawaida imekaa pia kwa baba yake, au kwa mjomba anayechelewa kila ibada, na hao hakuna aliyewafungisha.

Wanandoa wengi huniuliza mlangoni, baada ya fomu kufungwa: tuzae tena? Hilo ni lenu, wala hakuna kipimo wakati wa mimba kitakachowajibu. Mtoto anayefuata anachota bunda lake upya. Anzeni kliniki mapema, pombe ikae mbali na mimba, mjifungulie mahali penye mkunga, na huyo mdogo akifika darasa la kwanza, iangalieni kaye yake mapema kuliko mlivyoiangalia ya kaka yake.