Methadoni kwa mjamzito: kwa nini dozi hupandishwa badala ya kukatwa

Methadoni ni dawa ya jamii ya afyuni, kama zilivyo heroini na mofini. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ili mtu aliyezoea unga (heroini kwa lugha ya mtaani) asishikwe na arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa ulioizoea, na asihangaike kutafuta kete, kipakiti cha unga. Kwa mjamzito tiba hii ina kazi moja zaidi: kuzuia kiwango cha dawa katika damu ya mama kisipande na kushuka ovyo, kwa kuwa dawa inayozunguka mwilini mwake hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Kupandisha dozi, kuigawa mara mbili kwa siku, kutoikatisha siku ya kujifungua: yote hayo yanatokana na kazi hiyo.

Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011. Kenya ilianzia hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam, Kidongo Chekundu kule Unguja, Malindi nchini Kenya, na kwingineko. Katika vituo hivi wanawake ni wachache kuliko wanaume, na mjamzito mara nyingi hufika tumbo likiwa limeshakua. Unga wenyewe una mchango wake: heroini huvuruga homoni za uzazi, hedhi ikakata kwa miezi, na mwanamke akaamini hawezi kushika mimba. Kichefuchefu, uchovu na mgongo kuuma huviona kuwa ni arosto ile ile aliyoizoea. Akishaanza methadoni, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi hata kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Ndiyo maana kipimo cha mimba na mazungumzo ya uzazi wa mpango yanatakiwa siku ile ile anayoandikishwa.

Kwa nini asiambiwe aache tu

"Acha yote kwa ajili ya mtoto" ni ushauri ambao mjamzito huupata mtaani, nyumbani, na wakati mwingine hata kliniki ya wajawazito. Wanaousema wana nia njema, lakini unaweza kumweka mama na mtoto hatarini. Heroini hukaa mwilini saa chache tu, hivyo anayevuta au kujidunga mara kadhaa kwa siku hutoka kwenye ulevi na kuangukia arosto tena na tena. Arosto inapokuja, noradrenalini (homoni ya mshtuko) hupanda, mishipa ya damu hubana, mfuko wa uzazi unaweza kukaza, na mtoto hupungukiwa oksijeni.

Kuna wanaopunguziwa dawa polepole wakiwa wamelazwa bila mimba kuharibika. Hatari kubwa huwangoja nje ya hospitali, kwa sababu wengi hurudia unga. Mwili ulioacha kwa wiki kadhaa umepoteza uzoefu, na kiasi alichokuwa akitumia zamani sasa kinatosha kumkatisha pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unashauri mjamzito mwenye uraibu wa afyuni atiwe moyo atumie methadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, badala ya kujaribu kujisafisha. Aliye tayari kwenye dawa aendelee nayo.

Kuanza dozi

Anayefika amelewa au anasinzia hapewi dozi mpaka apate fahamu vizuri. Dozi ya kwanza ya mjamzito kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 20. Baada ya hapo huangaliwa saa 2 hadi 4, muda ambao dawa hufikia kilele chake. Nyongeza ni miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku chache, wala haitolewi kila siku, kwa sababu methadoni hurundikana: ya Jumatatu bado ipo mwilini Alhamisi, na dozi ile ile huhitaji kama siku 5 ili nguvu yake yote ionekane. Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya mtu kuzidiwa, hasa akichanganya na pombe au diazepamu, au akiongeza unga juu yake kwa kuona "dawa haijashika". Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120.

Kila mama ajue dozi yake kwa miligramu, asiishie kujua ujazo wa kikombe. Methadoni ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: miligramu 60 zinaweza kuwa mililita 6 kwenye kituo kimoja na mililita 60 kwenye kingine. Akilazwa mbali na kituo chake, wodi ipige simu kituoni na kuuliza mambo mawili kabla ya kumpa chochote: dozi ni miligramu ngapi, na mara ya mwisho alionekana akiinywa lini.

Dozi inapoanza kutofika jioni

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, wahudumu nao wakiwemo. Mama alikuwa ametulia kwenye miligramu 70. Mimba inapofika miezi 6 au 7, anaanza kuamka saa nane za usiku akipiga miayo, makamasi yanatiririka, jasho baridi, tumbo linakata, miguu haitulii. Anahisiwa kuwa amerudi kwenye unga, au kwamba anataka dozi kubwa ili alewe. Kumbe ujauzito umeongeza damu yake karibu nusu, na ini linaivunja methadoni kwa kasi kuliko zamani. Kwa kawaida nusu ya dawa huchukua zaidi ya siku nzima kutoka mwilini. Katika miezi mitatu ya mwisho, kwa baadhi ya wanawake, huchukua kama saa 8 tu. Dozi ya asubuhi haifiki alfajiri.

Swali la kumuuliza ni saa ngapi dalili zinaanza. Zikija saa za mwisho kabla ya dozi inayofuata, na kupoa baada ya kuinywa, dozi haitoshi. Akisinzia saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, imezidi. Maumivu ya tumbo au mgongo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio yachunguzwe kama uchungu wa uzazi kwanza, hata kama mama mwenyewe anasema ni arosto.

Dawa ya hali hii ni kuongeza miligramu 5 hadi 10, au kuigawa dozi: badala ya 80 asubuhi, 40 asubuhi na 40 jioni, zikipishana saa 12. Mara nyingi, kugawa ndilo chaguo bora. Saa chache baada ya dozi moja kubwa, mtoto hupunguza kucheza na mapigo ya moyo wake hupungua kubadilika-badilika. Dozi ndogo mbili hazimsumbui kiasi hicho. Tatizo ni kwamba vituo vingi hufungua dirisha la kutolea dawa asubuhi tu, kwa hiyo dozi ya jioni hulazimu kubebwa nyumbani. Ikibebwa, iwe ndani ya chupa yenye kifuniko cha kuzuia watoto na ifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli. Miligramu 10 zimewahi kuua mtoto mdogo. Isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Wengine hukubali kuteseka usiku wakiamini dozi ndogo itampunguzia mtoto arosto akizaliwa. Tafiti hazijaonyesha uhusiano thabiti kati ya ukubwa wa dozi ya mama na ukali wa arosto ya mtoto. Sigara, kwa upande mwingine, inaizidisha, na kuipunguza kuna faida wakati wowote wa mimba.

Kutapika, kukosa dozi, na dawa nyingine

Kichefuchefu cha mimba huleta ugomvi dirishani. Miongozo hutofautiana, lakini utaratibu mmoja unaotumika ni huu: akitapika ndani ya dakika 15 na mhudumu akaona, hurudishiwa dozi; kati ya dakika 15 na 30 hupewa nusu; baada ya hapo harudishiwi, ila huangaliwa. Kunywa taratibu na kula kitu kikavu kabla husaidia. Aliyekosa siku 1 au 2 kwa kawaida huendelea na dozi yake. Aliyekosa 3 mfululizo asipewe dozi nzima bila kupimwa upya. Mara nyingi hukatwa nusu. Zikifika 5 au zaidi, huanza upya kama mgeni. Mjamzito asiyeonekana afuatiliwe siku hiyo hiyo.

Kliniki ya wajawazito na kituo cha methadoni zisipozungumza, madhara huonekana kwenye dawa. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha methadoni vibaya, na arosto hutokea ndani ya siku chache. Dozi huhitaji kupandishwa, kisha kuteremshwa kwa uangalifu rifampisini inapokoma, maana asiposhushiwa atazidiwa. Efavirenzi na nevirapini nazo huishusha, pia karbamazepini na fenitoini za kifafa. Dolutegraviri, iliyo kwenye ARV zinazotumika sana sasa, haina shida hiyo. Flukonazoli ya fangasi huipandisha. Kwinini na ondansetroni hugusa mapigo ya moyo kama methadoni inavyofanya, hivyo anayetumia dozi kubwa afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Vidonge vya madini ya chuma na methadoni vyote hufunga choo: maji mengi, papai na mboga viwe sehemu ya ushauri tangu siku ya kwanza.

Buprenofini, inayoyeyushwa chini ya ulimi, ni chaguo zuri pale inapopatikana. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto wa mama waliotumia buprenofini walihitaji mofini kidogo kuliko wenzao na walikaa hospitalini siku 10 kwa wastani, dhidi ya 17.5 za watoto wa methadoni. Ila mama walioiacha tiba njiani walikuwa asilimia 33, dhidi ya 18. Aliyetulia kwenye methadoni hahamishwi akiwa na mimba, kwa sababu buprenofini huisukuma methadoni kutoka mahali pake kwenye ubongo na kuleta arosto kali ya ghafla.

Leba na siku za kwanza

Siku ya uchungu dozi hunywewa kama kawaida. Haitulizi maumivu ya kuzaa. Hayo hutibiwa kivyake, na baada ya upasuaji mama huyu mara nyingi huhitaji dawa ya maumivu nyingi kuliko wenzake. Pentazosini na nalbufini, ambazo ni dawa za maumivu, asipewe, humtupa kwenye arosto papo hapo. Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, apewe pumzi kwa mfuko na barakoa. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini, isitumike kwake, inaweza kumletea degedege. Mama aliyezidiwa na kuacha kupumua ni habari nyingine: huyo apewe naloksoni bila kusita, mjamzito au la.

Arosto ya mtoto wa methadoni huanza kati ya saa 24 na 72 baada ya kuzaliwa, mara nyingine baadaye, kwa hiyo abaki hospitalini siku 4 hadi 7 hata kama anaonekana mzima. Dalili ni kilio chembamba kisichonyamaza, kutetemeka, kupiga chafya mfululizo, kunyonya kwa pupa bila mpangilio, kuharisha. Tiba ya kwanza ni mama mwenyewe: ngozi kwa ngozi, chumba chenye mwanga hafifu, kunyonya kidogo kidogo mara nyingi. Asiyeweza kula, kulala au kutulizwa hupewa mofini ya matone, na hupunguziwa polepole.

Anyonyeshwe. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo, karibu asilimia 1 hadi 3 ya dozi ya mama kwa kulinganisha uzito, na watoto wanaonyonya hupata arosto nafuu zaidi. Mama mwenye VVU anayemeza ARV zake hufuata utaratibu ule ule wa wenzake. Mtoto anayesinzia kupita kiasi au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, na kuachishwa ziwa kufanyike taratibu kwa wiki kadhaa.

Baada ya kujifungua ini hurudi kwenye mwendo wake wa zamani, na dozi iliyopandishwa huanza kuwa kubwa. Kusinzia kwa mama aliyejifungua hudhaniwa ni uchovu wa mtoto, kwa hiyo aangaliwe saa 2 hadi 4 baada ya kunywa katika wiki mbili tatu za mwanzo. Akisinzia saa hizo, apunguziwe kidogo kidogo. Asiyesinzia aachwe na dozi yake.