Breki ya Mbele Haina Kosa

Mwezi huu pekee nimeletewa baiskeli tatu ambazo waya wa breki ya mbele umetolewa makusudi. Ya mwisho ililetwa Jumamosi asubuhi na kijana aliyekuwa akijiandaa kuteremka Menengai, kreta ya volkeno iliyo juu ya mji wetu, kesho yake. Diski ya breki ya mbele ilikuwa inang'aa kama sahani mpya, pedi zinazoibana hazijachakaa hata kidogo, na waya ulikuwa umezungushwa kwenye fremu na kufungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu. Nilipomwuliza sababu, alinipa jibu ambalo hapa Nakuru nimelisikia hata nimechoka: "Fundi, hiyo ya mbele itanirusha." Kwa kuwa kazi yangu ni kufunga breki na vilevile kufundisha watu kuteremka njia za mawe, dhana hii huniingilia kwa milango yote miwili, na nakiri kwamba subira yangu juu yake imekwisha.

Ukweli ni kwamba gurudumu la mbele ndilo linalosimamisha baiskeli. Mara breki inapobanwa, uzito wa mwendeshaji huhamia mbele, tairi la mbele hugandamizwa ardhini na kushika zaidi, ilhali la nyuma hubaki jepesi. Na tairi jepesi likibanwa hujifunga tu na kuburuzika. Kwenye ardhi ngumu na kavu, mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa akitumia breki ya nyuma peke yake huhitaji takriban mita 14 kusimama, na akiitumia ya mbele vizuri huhitaji karibu nusu ya hizo. Katika njia ya msituni iliyojaa mawe, mita saba ndizo zinazotenganisha kusimama kabla ya korongo na kusimama ndani yake. Ongeza kwamba kutoka ukingo wa Menengai hadi mjini kimo hupungua kwa takriban mita 400, na mtu anayening'inia kwenye breki ya nyuma mteremko wote huo hufika chini pedi zikinuka kuungua na nguvu ya breki imepungua pale pale anapoihitaji. Hata njia yenyewe huumia: tairi linaloburuzwa huchimba mfereji katika lile vumbi laini la volkeno, na mvua za Aprili zikifika mfereji huo huwa mto.

Basi watu wanarushwa na nini? Wanarushwa, silikani, nimewaona, na kovu la kiwiko changu cha kushoto lina habari zake. Lakini chunguza kila aliyerushwa utakuta mambo mawili yamekutana. La kwanza, breki ilinyakuliwa kwa vidole vinne kwa hofu, badala ya kubanwa. La pili, mwili ulikuwa juu na mikono imenyooka kama fito, hivyo gurudumu liliposimama, kiwiliwili hakikuwa na kitu cha kukizuia nacho kikaendelea na safari. Mara nyingi huongezeka la tatu: gurudumu lilikuwa tayari linagota jiwe au linaingia shimoni wakati breki imebanwa, na gurudumu lililobanwa haliwezi kulipanda jiwe.

Dawa yake ni ufundi, nao hufundishika kwa alasiri moja. Simama juu ya pedeli, pedeli zote mbili zikiwa usawa mmoja. Shusha visigino, kunja viwiko na magoti, peleka nyonga chini na nyuma kidogo. Tumia kidole kimoja kwa kila kishikio cha breki. Anza kubana polepole, usikie uzito ukihamia mbele na tairi likishika, kisha ndipo uongeze nguvu. Yote haya hutendeka katika muda mfupi kuliko wa kuyasoma. Punguza mwendo kabla ya jiwe au kidaraja cha mizizi, halafu achia breki ya mbele gurudumu linapokigusa kizuizi ili lizunguke na kupita. Katika kona yenye vumbi au kokoto, maliza kubana breki ukiwa bado umenyooka, kwa sababu gurudumu la mbele lililopinda na kubanwa juu ya kokoto huteleza bila kukuaga. Hapo pekee ndipo wanaoiogopa wana hoja, na hata hapo kosa ni la wakati uliochaguliwa.

Nimeanza kulaumu pia ushauri ambao hutolewa pamoja na dhana hii, yaani "kaa nyuma kabisa ya kiti." Mtu akining'iniza makalio juu ya tairi la nyuma, mikono hunyooka, gurudumu la mbele hukosa uzito, na usukani huwa kama wa baiskeli inayoelea. Kisha hushangaa kwa nini haikukata kona. Kifua kikae juu ya usukani, nyonga zirudi nyuma kadiri mteremko unavyozidi ukali, basi.

Yule kijana nilimfungia waya mpya, nikampeleka kwenye uwanja wa murramu ulio karibu, nikachora mstari wa kuanzia kubana breki kwa kisigino. Mara ya kwanza aligusa breki kama mtu anayegusa sufuria ya moto, akaupita mstari kwa hatua kumi. Kufikia mara ya tano gurudumu la nyuma liliinuka kiasi cha kiganja, likarudi chini taratibu, naye akasimama hatua nne tu baada ya mstari, ameduwaa.

Kabla ya kujaribu hayo, hakikisha unajua mkono upi unashika breki ipi. Kwa desturi yetu, kama ilivyo Uingereza, kishikio cha kulia huvuta breki ya mbele. Lakini baiskeli nyingi za mtumba zilizotoka Marekani au Bara la Ulaya zimefungwa kinyume, na aliyezoea moja akipanda nyingine hubana asichokusudia. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Ukiwa hapo, usikaze sana skrubu ya kishikio: kikazwe kiasi cha kutotikisika unapobana, ila baiskeli ikianguka kiweze kuzunguka badala ya kuvunjika.

Dhana nyingine hazinikeri kiasi hicho. Wapo wanaojaza matairi hadi yanagonga kama ngoma, wakiamini upepo mwingi huzuia pancha. Tairi gumu hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.2 lenye tyubu aanze na upepo wa paundi 28 hadi 32 kwenye kipimo cha pampu, na akisikia rimu ikigonga jiwe aongeze kidogo.

Wapo pia wasemao kwamba kwenda polepole kabisa ndio usalama. Mwendo mdogo mno huliacha gurudumu lidumbukie katika kila shimo ambalo mwendo wa wastani ungelivuka. Hell's Gate, kule Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini zinazoruhusu baiskeli, na kila anayekwenda huko hukutana na vumbi zito barabarani. Anayefunga breki katikati yake huzama na kuanguka ubavu, anayeegemea nyuma kidogo na kuendelea kukanyaga hupita.

Kuhusu kiti kilichoinuliwa juu kwa ajili ya mlima kisha kikaachwa hivyo hivyo kwenye mteremko, sina la kueleza zaidi ya kwamba kiti hicho kitakusukuma mgongoni. Kishushe. Na kuhusu saspensheni ya nyuma, yaani springi za kumeza mitikisiko, ambayo vijana hudhani ndiyo leseni ya njia ngumu, njia zetu nyingi hupitika vizuri kwa baiskeli yenye saspensheni ya mbele peke yake, mradi breki na matairi viko sawa. Fedha iliyobaki ilipie mafunzo na helmeti inayokukaa barabara.

Imebaki moja ambayo, kwa kweli, hunifanya niweke spana chini: kwamba breki ya diski ikilia imekauka na inahitaji mafuta. Mwezi uliopita mzee mmoja, mtu mpole na mwenye adabu, aliniletea baiskeli ya mwanawe ambayo alikuwa ameidondoshea diski zote mbili oili chafu ya pikipiki, akaniambia kwa fahari kwamba kelele zimekwisha. Zilikuwa zimekwisha pamoja na breki. Pedi zikishanyonya mafuta hazioshiki kwa sabuni wala kwa petroli; nilimwuzia nyingine, diski nikazisafisha kwa spiriti na kitambaa kisafi, nikamwomba chupa ya oili aiache kwangu.